Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: Siku nne hazitoshi msiba na wodi

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi,

Mimi ni dereva wa semi, naishi Mabatini hapa Mwanza, na ninalea binti yangu peke yangu.

Mke wangu alipofariki nilipewa siku nne zenye malipo. Nilizitumia zote, maana kwao ni Ukerewe, ng'ambo ya maji, na msiba hauendeshwi kwa simu. Mwaka uliofuata binti akalazwa. Nikaenda kuomba ruhusa, msimamizi wa magari akaniuliza, "Dereva, siku zako si ulizimaliza msibani?" Nilitoka pale nimevimba kwa hasira, nikaenda kushtaki kwa ofisa mmoja wa serikali. Akaifungua sheria, akanigeuzia nisome mwenyewe. Msimamizi alikuwa sahihi.

Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 unakijua kuliko mimi. Siku zenye malipo zisizopungua nne, na ndani ya hizo hizo nne mmeweka ugonjwa wa mtoto, kifo cha mtoto, cha mwenza, cha mzazi, cha babu na bibi, cha mjukuu na cha ndugu. Mzunguko wake si mwaka mmoja kama likizo ya kawaida, ni miezi 36. Ukitaka zaidi ya hapo, mpaka mwajiri aridhie, tena bila malipo. Anayebaki peke yake na mtoto ndiye anayenyimwa siku za kumuuguza. Binti yangu alilala wodini bila mzazi kwa sababu mama yake alikufa ndani ya miezi 36 hiyo. Sina namna nyingine ya kulisema.

Mtoto ana selimundu. Nchi yetu ni miongoni mwa zile zinazozaa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu duniani, kwa makadirio wapatao 11,000 kila mwaka, na sisi wa Kanda ya Ziwa tunaufahamu vizuri. Maumivu hayatoi taarifa. Baridi kidogo, homa kidogo, maji yakipungua mwilini, mtoto anashika miguu analia mpaka sauti inakauka. Mara nyingine anahitaji kuongezewa damu, na ndugu wanatafutwa wakachangie. Ugonjwa wa namna hiyo mmeutengea siku nne katika miaka mitatu, na msiba umo humo humo.

Ruhusa ilipokosekana, nilipanda gari. Kwetu mshahara ni mdogo. Kinacholisha nyumba ni posho ya safari, na gari lisipotembea posho hakuna. Nilikuwa na marobota ya pamba ya kupeleka Dar es Salaam. Kitandani kwa binti alikaa jirani yetu, mama anayeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba, akimkanda miguu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Mtaji wake wa wiki ile ukaisha hivyo. Binti ameijua barabara kwa kunisikiliza kwenye simu: Shinyanga, Tinde, Nzega, Igunga, Shelui. Akauliza, "Baba, uko wapi?" Nikamwambia Manyoni. Akanyamaza, kwa sababu anajua Manyoni ni mbali. Alilala wodini bila mzazi usiku ule, na usiku uliofuata, na mwingine tena. Daktari alipotaka kuzungumza na mzazi, alizungumza na jirani.

Juni 19, 2025 lilifunguliwa Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya ziwa, zaidi ya shilingi bilioni 700. Nilishangilia kama dereva yeyote aliyewahi kukesha akisubiri kivuko. Serikali iliona kwamba mzigo kusubiri ni hasara, ikachukua hatua. Pale mzani lori langu hupimwa ekseli moja baada ya nyingine, lakini sijawahi kuulizwa nimelala saa ngapi au mkataba wangu unasemaje, wakati sheria yenu hiyo hiyo inasema saa 45 kwa wiki. Madereva waligoma nchi nzima mwaka 2015, Aprili kisha Mei, na mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai. Wengi wetu bado tunaendesha kwa makubaliano ya mdomo. Bidhaa za nchi hii zinasafiri juu ya migongo ya watu ambao hakuna anayeuliza nyumbani wamemwacha nani.

Mheshimiwa, pelekeni bungeni marekebisho ya kifungu hicho. Siku za msiba zitenganishwe na siku za kuuguza mtoto. Siku za kuuguza zihesabiwe kila mwaka, na ziongezwe kwa mzazi anayelea peke yake na kwa mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu. Malipo yake yahesabu na posho ya safari, kwa sababu ndiyo tunayoishi nayo. Na wakaguzi wa kazi waje kwenye maegesho ya malori, Usagara na kwingineko, watuombe mikataba kama askari wanavyotuomba leseni.

Naomba jibu la maandishi, lenye tarehe ya muswada.

Dereva wa malori,
Mabatini, Mwanza