Tuwaache Watoto Wamalize Madaftari



Tunasikitishwa na tabia iliyoenea majumbani mwetu. Mtoto akiandika hadithi yake nyuma ya daftari la hesabu, anagombezwa eti anaharibu karatasi. Vocha ya simu haituumi, daftari la kurasa 48 ndilo linatuuma!

Tumesahau sisi ni umma gani? Sura ya 68 ya Qur'ani inaitwa Al-Qalam, na mwanzoni mwake Mwenyezi Mungu anaapa kwa kalamu. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, umetufikia kwa sababu watu waliuandika kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu. Wangenyimwa karatasi, tungerithi nini?

Wapo wanaosema kuandika ni kazi ya shule. Lakini huko mara nyingi mtoto hunakili ya ubaoni tu. Ya moyoni mwake atayaandika wapi?

Basi tumnunulie daftari lake mwenyewe, jipya, linalonukia karatasi, na penseli iliyochongwa vizuri. Amwandikie bibi yake barua. Tusimfuate na kalamu nyekundu. Tumwombe atusomee, nasi tusikilize.

Wabillahi tawfiq.