Shahada ya Uzamili kwa Mtu wa Ardhi



Vijana wa Migori na Homa Bay waliokwisha kuhitimu hawachoki kutuuliza: nikitaka kuingia katika biashara ya ardhi na nyumba, nisome shahada ya uzamili ya biashara (MBA) au nitafute shahada nyingine? Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya swali hilo, na msimamo wetu tunautoa mapema. Usichague shahada kwa ukubwa wa jina lake. Chagua ile inayoziba pengo ulilo nalo. Katika kaunti zetu mbili mapengo makubwa ni mawili: hesabu ya fedha na sheria ya ardhi.

Tuanze na fedha. Tangu ugatuzi ulipoanza mwaka wa 2013, watumishi wa kaunti wanatafuta nyumba katika miji ya Migori na Homa Bay. Rongo kuna chuo kikuu, Awendo kuna kiwanda cha sukari cha Sony, Isebania kuna biashara ya mpakani. Kila penye wapangaji watu wanajenga, lakini wanaoketi kwanza na kalamu ni wachache.

Chukua mfano. Umejenga vyumba kumi vya wanafunzi mjini Rongo kwa shilingi milioni tano, na kila chumba unatoza kodi ya shilingi 4,000 kwa mwezi. Kwa miezi 12 unajihesabia 480,000. Lakini wanafunzi wakiondoka kwa likizo ya jumla ya miezi minne bila kulipa, unapata 320,000. Ushuru wa mapato ya kodi ni asilimia 7.5 ya kiasi chote kabla ya gharama, yaani 24,000. Unabaki na 296,000, na bado hujalipa mlinzi wala fundi wa mabomba. Kama hizo milioni tano ulizikopa kwa riba ya asilimia 15, riba ya mwaka wa kwanza pekee inakaribia 750,000. Muhula mzima vyumba vimejaa, na bado wewe unazama. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo, kama shahada yako ya kwanza ni ya upimaji, uhandisi au usanifu wa majengo, MBA iliyoelemea fedha itakufaa. Itakufundisha kuiona hasara hiyo kabla lori la kwanza la mchanga halijafika. Si lazima uhamie Nairobi kuitafuta, kwani Chuo Kikuu cha Maseno kinaifundisha.

Aliyesomea biashara tangu mwanzo ana pengo tofauti. Dalali anamwonyesha shamba zuri huko Ndhiwa. Anayeuza ni mjukuu, ilhali jina lililo kwenye hatimiliki ni la babu aliyezikwa palepale shambani. Mpaka mahakama itoe na kuithibitisha hati ya usimamizi wa mirathi, mjukuu huyo hana mamlaka ya kuuza. Baada ya hapo shamba la kilimo linahitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi linatakiwa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba. Zaidi ya hayo, mwaka wa 2018 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba haki za familia chini ya amana ya kimila zinaweza kumfunga mwenye hatimiliki hata kama hazikuandikwa kwenye sajili. Mnunuzi anayetosheka na karatasi ya msajili bila kuzungumza na wazee na majirani anaweza kununua kesi.

Mtu kama huyu hahitaji shahada ya pili ya biashara. Anahitaji masomo ya ardhi yenyewe, kama uthamini na usimamizi wa mali yanayofundishwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Akumbuke pia kwamba uthamini na uwakala wa nyumba ni kazi zinazosimamiwa kwa sheria, kila moja ikiwa na bodi yake ya usajili, na MBA haichukui nafasi ya usajili huo. Kabla ya kulipa ada, aiandikie bodi husika na kuuliza kama masomo anayoyataka yatatambuliwa.

Wapo watakaosema ada hiyo ingetosha kununua ploti, na kwamba matajiri wengi wa nyumba katika miji yetu hawakusomea kazi hii. Ni kweli, na ujuzi wao tunauheshimu. Ndiyo maana tunamshauri kijana afanye kazi kwanza katika ofisi ya mthamini au wakala aliyesajiliwa, ajue pengo lake liko wapi, kisha achague darasa. Lakini ploti iliyonunuliwa kwa mtu asiye na haki ya kuiuza ni hasara kubwa kuliko ada yoyote, na mara nyingi anayeumia ni mjane au ndugu aliyetuma akiba yake kutoka mbali.

Vyuo navyo vina wajibu. Tunaviomba vyuo vikuu vya kwetu, Rongo na Tom Mboya, vihakikishe kwamba hakuna anayehitimu uzamili wa biashara bila somo la lazima la mirathi, usajili wa ardhi na kodi za nyumba. Mwanafunzi naye asisubiri chuo kimwamulie. Siku ya kujisajili aombe orodha ya masomo, na asipoyaona hayo, aulize kwa nini.

Mhariri