Zimwi Libaki, Mchawi Aondoke

Liko swali ambalo sisi washairi na wapenzi wa lugha tumewaachia wazazi na walimu peke yao: je, ni halali kumtisha mtoto kwa hadithi? Nalileta barazani kwa kuwa katuni ndiyo fanani mpya wa watoto wetu, na hadithi za kutisha zenye mafunzo zimekwisha kuingia katuni siku nyingi. Jibu langu ni ndiyo, ni halali. Ugomvi wangu ni juu ya nani atishe, na kwa chombo gani.

Waingereza wametutangulia. Mwaka 1990 Jamie Rix alichapisha kitabu cha hadithi fupi kiitwacho Grizzly Tales for Gruesome Kids, na mwaka 2000 kikazaa mfululizo wa katuni katika idhaa ya watoto ya CITV. Kila hadithi ina mtoto wake na kosa lake, na msimulizi ni mzee wa ajabu mwenye ukumbi chakavu wa sinema. Mtoto akataaye chakula hugeuzwa chakula yeye mwenyewe. Mtindo huu una ukoo mrefu: daktari wa Frankfurt, Heinrich Hoffmann, alichapisha mwaka 1845 kitabu cha mashairi ya watoto, Struwwelpeter, ambamo mnyonya kidole hukatwa vidole gumba vyote viwili. Mashairi, wenzangu! Hofu hii ilianza mikononi mwa watunzi wa beti.

Ufundi wa kazi hizo siukatai, wala sikatai kwamba watoto hucheka. Ila mara nyingi mlango wake hufungwa kwa nje. Mtoto hukosa, huadhibiwa, hadithi huisha, wala hapana aendaye kumtafuta.

Linganisha na ngano ambayo wasomaji wengi wa ukurasa huu waliilala wakiwa wadogo. Wasichana wanakwenda pwani kuokota makombe. Mmoja anasahau kombe lake zuri juu ya mwamba. Wenzake wanakataa kurudi naye, naye anarudi peke yake akiimba ili ajitie moyo. Zimwi liko pale. Linamtia ndani ya ngoma, linaikaza ngozi, kisha linazunguka kijiji hadi kijiji na ngoma iimbayo, likilipwa wali na kuku kila liendako, na mtoto hapewi hata punje. Mwisho linafika kijijini kwao. Mama anaisikia ngoma, anaitambua sauti ya mwanawe. Zimwi linapotoka kidogo au kusinzia, wazee wanamtoa mtoto na kujaza ngoma nyuki, nyoka na siafu. Yanayofuata mnayajua.

Mafunzo yamo tele: kuacha kitu, kurudi peke yako, na hasa kumtupa mwenzako njiani, kosa ambalo ngano hii hailisemei neno lakini kila msikilizaji huliona. Hata hivyo mtoto aliyekosea anapatikana. Kinachomwokoa ni wimbo wake. Ondoa wimbo, hakuna ngano. Nao huimbwa na hadhira nzima, kwa hiyo yule mtoto aliyejikunyata kwenye mkeka kwa hofu anashiriki kumwokoa msichana kwa koo lake mwenyewe. Katika katuni ya Rix mtoto hutazama tu.

Hapo ndipo katuni inaponitia shaka kama chombo. Zimwi la maneno kila mtoto hulichora kwa kipimo cha moyo wake. Mwoga hulichora dogo akalala, jasiri hulipa vichwa saba. Zimwi la picha ni lilelile kwa wote, na macho hayana kope za kutosha. Hivyo ningemshauri mtengenezaji aliache zimwi gizani. Tuone ngozi ya ngoma ikitetemeka, tusikie ti! ti! ti! ya nyayo, basi. Tanakali sauti zetu zinaweza kubeba hofu nyingi kuliko meno ya kompyuta.

Nafikiria hasa watoto wa Kyela, kutoka mdomo wa Songwe hadi Matema chini ya milima ya Livingstone. Hofu kwao haikuwa pambo la kusinzilia. Uwanda ule hupokea mvua kubwa. Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika mashambani mwa mpunga, na mito ina mamba. Ziwa Nyasa likichafuka, mtumbwi wa mti mmoja hauombi msamaha. Bibi anayemwambia mjukuu kwamba liko jambo majini lingojalo watoto wa peke yao hadanganyi. Amechagua tu umbo ambalo mtoto wa miaka mitano atalikumbuka jioni.

Na bibi huyo husimulia kwa Kinyakyusa, au kwa Kikisi ukisogea upande wa wafinyanzi wa Ikombe. Kinyakyusa kina irabu saba, Kiswahili tano. Wimbo wa ngano ukihamishwa hapa, irabu mbili zinabaki ufukweni, na vina vilivyotofautiana vinaweza kugongana. Hii si kazi ya kukabidhiwa mtafsiri mwenye haraka. Ama wimbo uachwe katika lugha yake na masimulizi yawe Kiswahili, ambavyo ndivyo ningependa, ama apewe mshairi autunge upya. Mama wa ngano alimtambua mwanawe kwa sauti. Mtoto wa Ipinda naye astahili kuitambua sauti ya kwao ndani ya ngoma hii mpya.

Sasa nageukia ninalolihofia zaidi. Mtu akienda Kyela kutafuta visa vya kutisha, hatakutana na zimwi tu. Atakutana na mchawi. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951 imani kwamba mchawi ana chatu tumboni, naye chatu huyo ndiye amsukumaye kutamani nyama na maziwa ya wenziwe. Na kwamba wako abamanga, walinzi wa kijiji, wapambanao naye usiku kwa nguvu zitokazo kwa chatu vilevile. Kwa mwandishi wa filamu hiyo ni dhahabu: uroho umepewa mwili, tena unatambaa.

Naomba dhahabu hiyo iachwe ardhini. Zimwi halina nyumba kijijini, si shangazi ya mtu. Mchawi ana sura ya jirani, na mara nyingi ya jirani mzee, mjane, mwenye macho mekundu kwa miaka ya moshi wa kuni. Tanzania imezika vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho hayo, na imezika watu wenye ualbino kwa sababu ya imani zinazofanana nazo. Mtu mzima anayesoma Wilson anasoma habari za fikra za jamii. Mtoto wa miaka saba atazamaye katuni atatoka nje na kumtafuta mwenye chatu.

Mtaniambia kwamba uroho nao ni funzo. Ni funzo, na zimwi lile lilaliye wali wa watu kwa jasho la mtoto ni mroho kupita mchawi yeyote.

Vipaji tunavyo. Ubongo Kids iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2014 imefundisha hisabati na sayansi kwa katuni na nyimbo za Kiswahili, na watoto wakaimba. Atakayejaribu mfululizo wa ngano za kutisha amwite mshairi kabla ya mchoraji, wakae Matema majira ya masika wasikilize nyimbo kwanza. Na ile sentensi ya mwisho, "hadithi hii inatufundisha kwamba", aifute kabla hajaingia studio.