Mashetani Wenye Vyeo



Kila mara shule zinapofungwa, swali moja huufikia ukurasa huu. Mzazi amekuta katika mkoba wa mwanawe kitabu kinene chenye picha za viumbe wenye pembe na mabawa, tena wamepangwa kwa vyeo kama maofisa wa jeshi. Anauliza: akichome moto, au akirudishe maktaba? Ombi langu ni kwamba kwanza akifungue.

Mchezo wenyewe huitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax, mkazi wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, pamoja na mwenzake Dave Arneson. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akaigiza mhusika aliyemtunga mwenyewe; mmoja wao huwa msimulizi, na dadu huamua nani kashinda na nani kaanguka. Tangu tamthilia ya televisheni ya Stranger Things ianze mwaka 2016, vijana wengi wameurudia, wakiwamo wetu wa Cedar Hill.

Hofu juu ya mchezo huu ina historia, na historia hiyo inapita papa hapa Dallas. Mwezi Agosti mwaka 1979 kijana mmoja aitwaye James Dallas Egbert alitoweka katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. Alikuwa na umri wa miaka 16 tu, kwa kuwa alikuwa na akili nyingi mno na alivushwa madarasa upesi. Familia yake ilimwajiri William Dear, mpelelezi wa kujitegemea kutoka Dallas. Alipopata habari kwamba kijana alikuwa akicheza mchezo huu, Dear aliwaambia waandishi wa habari kuwa huenda amepotelea katika mahandaki ya mabomba ya mvuke yaliyo chini ya chuo, akiuigiza mchezo kwa kweli. Magazeti yalilidaka jambo hilo. Mwaka 1981 ikatoka riwaya ya Rona Jaffe iliyochochewa na kisa hicho, na mwaka uliofuata ikawa filamu.

Kumbe kijana alikuwa Louisiana. Alipatikana mwezi Septemba akiwa hai, lakini mwezi Agosti mwaka 1980 alijiua. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1984, Dear mwenyewe alieleza kwamba mchezo haukuwa chanzo. Aliyemkuta ni mtoto mpweke, aliyewekwa kati ya watu wazima kabla ya wakati wake, akilemewa na matarajio ya kufaulu daima. Nawaomba wazazi wasome sentensi hiyo mara mbili. Sisi tuliovuka bahari kwa ajili ya vyeti vya watoto wetu tunaujua uzito huo, maana ni sisi tunaowatwika.

Hata hivyo hofu ilikuwa imekwisha kuondoka na kutembea kwa miguu yake yenyewe. Vyama vya kuupinga mchezo viliundwa, na kampuni iliyouchapisha ikapata kiwewe. Toleo la pili la mwaka 1989 liliwaondoa mashetani. Waliporejea mwaka 1991 walipewa majina mapya yasiyo na maana yoyote, baatezu na tanar'ri, mithili ya mtu aliyebadilisha jina ili kuwakwepa wadai. Mwaka 2000, kampuni ikiwa imekwisha kununuliwa na nyingine, majina ya zamani yalirudishwa.

Sasa tuwatazame mashetani hao. Kitabu cha viumbe cha mwaka 1977 kiliwataja wakuu wanne: Asmodeus, Baalzebul, Dispater na Geryon. Wanakaa katika jehanamu ya tabaka tisa, Asmodeus akitawala tabaka la chini kabisa. Chini yao wako majemadari, na chini ya hao askari wa aina mbalimbali, hadi kuwafikia viumbe duni wasio na umbo wala akili. Katika matoleo ya baadaye shetani aweza kupandishwa cheo kwa utumishi mwema, au kushushwa kwa uzembe. Hao ni mashetani wa sheria: hutii wakubwa wao na hushika mikataba, huku wakiisoma kwa hila. Mchezo unawatenga na kundi jingine la pepo wa vurugu wasiotii mtu, na makundi hayo mawili hupigana vita visivyokwisha.

Gygax hakuyatoa hayo hewani. Tabaka tisa zatoka kwa Dante, mshairi wa Florence wa mwanzo wa karne ya 14, aliyeichora jehanamu kwa duara tisa, na ndani yake mna Geryon, mji wa Dis, na barafu badala ya moto kule chini kabisa. Dispater alikuwa mungu wa Warumi wa kuzimu na utajiri. Wale viumbe duni wamepewa jina la Lemures, mizimu ya Warumi isiyopata raha.

Asmodeus tunaye katika Kitabu cha Tobiti, kilichomo katika Biblia ya Kikatoliki: aliwaua waume saba wa Sara, akafukuzwa kwa moshi wa moyo na ini la samaki, akakimbilia Misri. Wataalamu wengi hulirudisha jina lake Uajemi ya kale, kwa pepo wa ghadhabu aitwaye Aeshma. Katika Talmudi ya Wayahudi ndiye anayekikalia kiti cha enzi cha Mfalme Suleimani. Wasomaji wetu Waislamu watakikumbuka kisa kinachofanana na hicho, cha jini aliyeketi mahali pa Nabii Suleiman.

Kisa cha Baalzebul ndicho kinachonigusa zaidi. Baal maana yake ni bwana, na zebul, kwa maoni ya wengi, ni aliyetukuka. Alikuwa mungu wa watu wa Ekroni, jirani za Waisraeli. Jirani wakalipindua jina kwa dhihaka likawa bwana wa mainzi, na kufikia zama za Injili amekwisha kuwa mkuu wa pepo. Mungu wa jirani amegeuzwa shetani. Nasi tumeyaona hayo kwetu: mizimu iliyoheshimiwa na babu zetu iliandikwa katika vitabu vya wamisionari kwa jina lile lile la shetani, bila kuulizwa ilikuwa ya nani.

Lakini vyeo je? Kwa nini shetani awe na cheo? Katika Ulaya ya kale watu walifundishwa kwamba malaika wana daraja tisa. Ikaonekana kuwa upande wa pili nao hauna budi kuwa na mpangilio wake. Mwaka 1577 tabibu Johann Weyer alichapisha orodha ya pepo 69, wengi wao wakiwa wafalme na makabaila, kila mmoja na majeshi yake. Ni baraza la mfalme wa Ulaya lililoshushwa kuzimu. Na mchezo huu wa Wamarekani wa karne ya 20 umeongeza la kwao: mikataba, kupandishwa vyeo na hofu ya bosi. Yeyote aliyewahi kufanya kazi katika ghala kubwa la mizigo hapa Dallas ataitambua jehanamu hiyo mara moja.

Kwetu pwani pepo hupangwa kwa njia nyingine. Unguja, pepo wana makabila. Wako ruhani, Waarabu na Waislamu. Rubamba, wenyeji wa Pemba. Kibuki, Wakristo kutoka Bukini, wapendao brandi. Na habeshia, Wakristo wa Uhabeshi. Kila kabila lina lugha yake, mavazi yake na vyakula vyake, na pepo ampandaye mtu hana budi kuulizwa kwanza ni nani na ametoka wapi. Huo ni mji wa bandari, ambako meli huleta wageni kila msimu. Ulaya ya makabaila iliona makabaila kuzimu. Unguja iliona abiria.

Kwa hiyo, mzazi uliyeuliza, kitabu hicho ni ghala la majina ya kale yaliyookotwa Uajemi, Kanaani, Rumi na Florence, kisha yakapewa namba ili dadu ziweze kufanya kazi. Kama dini yako inakukataza kuyaingiza majina hayo nyumbani, hilo ni la dhamiri yako, nami silipingi. Lakini usikichome, vitabu hivyo ni ghali, na pengine ni cha maktaba.

Na kabla hujakirudisha, mwambie kijana akutafutie ukurasa wa ifriti. Yumo tangu mwaka 1977 na hata leo bado yumo, akiwa na mji wake wa shaba uliotoka katika Alfu Lela Ulela. Muulize mwanao anajua nini juu yake, ana nguvu gani, anamtii nani. Yamkini atazungumza kwa nusu saa, naye ni yule yule anayejibu maswali yako mengine kwa neno moja. Kisha mpigieni bibi simu, Mombasa au Tanga, mumuulize na yeye. Kumbukeni tu kwamba huko wametutangulia kwa saa nane wakati wa kiangazi.