Vijiti vya kukerezwa vyajenga nyumba ya mwanasesere

Mama mmoja msomaji wa ukurasa huu ameniuliza afanye nini, kwani bintiye wa miaka minane hana raha mpaka apate nyumba ya mwanasesere kama aliyoiona kwa jirani. Alikwenda mjini akaonyeshwa moja ya plastiki, na alipotajiwa bei akaaga na kutoka. Namwelewa sana. Nami nilipita njia hiyo hiyo mwaka jana, na leo nitamjibu kwa urefu, kwa sababu jibu langu lilikuwa ndani ya gunia lililokaa miaka mingi darini kwa baba yangu.

Nyumba yenyewe si kazi. Katoni mbili ngumu au vipande vya plaiwudi, misumari midogo, gundi na jioni mbili tatu zinatosha. Kinachomshinda mtu ni vyombo vya ndani. Ubao bapa hukatika kwa msumeno, lakini mguu wa meza wenye kiuno na mafundo, au taa, au chungu, au nguzo za ngazi, havichongeki kwa kisu cha jikoni. Hivyo ni vitu vya keezo, mashine ile ya fundi inayozungusha mti huku patasi ikiukwangua mpaka uwe mviringo. Ajabu ni kwamba vitu vilivyokerezwa vimejaa nyumbani mwetu, ila macho yetu yamevizoea hata hatuvioni.

Chukua kile kitandiko cha shanga za mbao ambacho madereva hukalia ili mgongo usitoke jasho. Uzi ukikatika, shanga hutawanyika garini na dereva hukitupa. Usikubali. Ushanga mmoja wa milimita 10 ukikatwa katikati ni miguu miwili ya kabati. Shanga tatu zikipandana juu ya kipande cha shilingi ya mbao ni taa ya mezani, na kifuniko cha chupa ya dawa ndicho kivuli chake. Ushanga mkubwa uliopanuliwa tundu lake kwa msumari wa moto ni chungu cha maua.

Vile vijiti vya gofu vya mbao ambavyo mchezaji huweka mpira juu yake, navyo vimekerezwa. Watoto wanaoishi karibu na viwanja huviokota kila siku. Kimoja kikikatwa ncha na kugandishwa chini ya kipande cha mbao cha duara, una meza ya kunywea chai ya mguu mmoja. Kitunda cha sataranji kilichopotelewa na wenzake ni taa nzuri kuliko ile ya shanga. Pete ya mbao ya pazia ni fremu ya kioo. Kishikio cha droo, kigeuze juu chini, ni stuli ya jikoni. Binti yangu alikifunika kitambaa na kukiita kiti cha daktari. Sikubishana naye.

Kabla hujakata chochote, lakini, jua kipimo chako. Hapa ndipo wengi tunapoharibu, tukaishia na meza inayofika kifuani mwa mwanasesere. Wengi wanaotengeneza vyombo hivi duniani hufuata kipimo cha moja kwa kumi na mbili, yaani inchi moja ndani ya nyumba ndogo ni futi moja katika nyumba ya kweli. Ile nyumba maarufu aliyotengenezewa Malkia Mary wa Uingereza kati ya 1921 na 1924, iliyochorwa na msanifu Edwin Lutyens na ambayo ingali katika kasri la Windsor, ilifuata kipimo hicho hicho. Ina umeme, ina lifti zinazopanda na kushuka, na mifereji yake hutoa maji. Sisi tutaridhika na mlango unaofunga.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Meza ya kulia yenye kimo cha sentimita 76 igawanye kwa kumi na mbili, utapata kama sentimita 6 na kidogo. Kiti cha sentimita 45 kinakuwa chini kidogo ya 4. Mtu mzima wa sentimita 170 anakuwa 14. Lakini kama mtoto wako ana yule Barbie, aliyeanza kuuzwa mwaka 1959 na ambaye urefu wake ni sentimita 29 hivi, gawanya kwa sita badala ya kumi na mbili, la sivyo utamjengea mgeni asiyeweza kuingia mlangoni.

Sasa nirudi kwenye gunia.

Baba alinunua kitanda Mombasa mwaka 1984, alipokuwa akifanya kazi huko. Kilikuwa na matendegu manne ya msaji yaliyokerezwa, na upande wa kichwani vijiti kumi na vinane vya msaji vilivyosimama kama askari wa gwaride. Fito za pembeni zilikuwa za mti mwepesi, na mchwa walizila kimyakimya. Msaji hawakuugusa. Mama alifariki mwaka 2016, na mwaka uliofuata kitanda kikaanguka chenyewe usiku, hapana mtu juu yake. Baba akayatia matendegu na vijiti guniani, akalipandisha darini, na tangu hapo hakuna aliyelitaja.

Nilipomwomba vile vijiti aliniangalia kwa muda. "Mama," akaniambia, kwani hivyo ndivyo anavyoniita tangu utotoni, "kitanda cha mamako hakikatwi." Nikaomba radhi, nikaacha. Aliyerudia ombi ni binti yangu, tena bila kutumwa. Alimwuliza babu yake kama bibi angekasirika. Mzee akanyamaza, akapanda ngazi mwenyewe na miaka yake sabini na mitano, akashusha gunia. Alitupa vijiti vyote kumi na vinane. Matendegu alibaki nayo.

Tulianza vibaya, na gharama ya makosa yetu ilikuwa vijiti vitatu ambavyo havitapatikana tena. Kitu cha mviringo hubingirika chini ya msumeno, ukauma usipotaka. Dawa yake ni kipande cha mbao kilichochongwa mfereji wenye umbo la V. Laza kijiti humo, kishike kwa kidole gumba, ukate kwa msumeno wa meno madogo. Kosa la pili lilikuwa kukata kwanza na kutoboa baadaye. Kipande kifupi kikitobolewa hupasuka. Toboa kijiti kingali kirefu, ndipo ukate. La tatu lilikuwa gundi. Tulipaka juu ya vanishi ya zamani na asubuhi kila kitu kikawa kimeanguka. Gundi ya mbao hutaka kuingia ndani ya mti, kwa hiyo vanishi lazima itolewe kwa msasa mahali pa kuunganisha.

Baada ya hapo kazi ilinoga. Vijiti vinne vizima, unene wa sentimita 2 na nusu, viliwekwa mbele vikawa nguzo za veranda. Vingine tulivikata vipande vipande, na hapo ndipo uzuri wa keezo unapojitokeza: kila mahali unapokata unapata umbo jingine. Ukikata kwenye fundo unapata kifuniko cha chungu. Ukikata shingoni unapata kikombe. Ukikata palipotanuka unapata sinia, ila usilifanye jembamba kupita milimita 3, maana nyuzi za mti zimesimama wima hapo na litavunjika kama biskuti.

Wajerumani waliufikisha ujanja huu mbali. Katika kijiji cha Seiffen, kwenye milima ya Erzgebirge karibu na mpaka wa Czech, wachimba bati walipoona madini yanapungua waligeukia kukereza vitu vya kuchezea. Huko hukereza duara kubwa la mti wa jamii ya msonobari, wakalichimba mifereji upande huu na upande huu, kisha wakalipasua kama keki. Kila kipande kikitoka ni farasi, au ng'ombe, au tembo. Mkerezaji hamwoni mnyama wake mpaka apasue. Mikono ndiyo inayojua. Nilipomsimulia fundi mmoja wa kando ya barabara ya Ngong alicheka, akasema hata yeye ana wazimu wake. Akanionyesha jinsi ya kupata nusu nguzo za kubandika ukutani: huunganisha mbao mbili kwa gundi akiweka karatasi katikati, akakereza zikiwa moja, kisha akaingiza kisu penye karatasi. Zikaachana sawasawa, kila moja bapa mgongoni. Kwa hizo tulipamba mlango wa mbele pande zote mbili, na mtu akiingia kwetu sasa huuliza nani aliyeuchonga.

Ukiwa karibu na mafundi wa viti na vitanda, pita jioni wanapofagia. Nguzo iliyopasuka kwenye keezo kwao ni kuni. Omba kwa adabu, na ukipewa bure mara ya kwanza, mara ya pili mbebee hata soda.

Neno moja kwa mama aliyeniuliza, na asilichukulie kama mzaha. Kama ndani ya nyumba kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu, shanga na vikombe hivi viwe mbali naye. Wakaguzi wa vitu vya kuchezea hutumia kichupa chenye mdomo wa milimita 31.7, kinachoingia chote humo huhesabiwa kuwa kinaweza kumpalia mtoto. Karibu kila nilichokitaja leo kinaingia. Na mbao za zamani zilizopakwa rangi, si vanishi, usizipige msasa ndani ya nyumba, kwa kuwa rangi nyingi za kale zilitiwa risasi na vumbi lake ni sumu.

Kitu cha mwisho tulichotengeneza kilikuwa kitanda. Sikupanga. Binti yangu alipanga vile vipande vilivyobaki, zile ncha nyembamba zilizokuwa zikiingia kwenye matundu, zenye unene usiofika sentimita 1 na kipete kimoja cha kukerezwa. Akasimamisha nne, akaniuliza kama ndivyo kilivyokuwa. Ndivyo kilivyokuwa. Kwa kipimo chetu ulikuwa unene wa tendegu la kweli. Kwa ubao wa kichwani tulitumia shanga ndogo zilizotungwa kwenye njiti, kumi na nane, nikazihesabu mara mbili.

Dada yangu mkubwa hakupendezwa. Alisema ningemwuliza yeye pia, na kwamba kitu cha marehemu hakigeuzwi mchezo wa watoto. Nadhani ana haki katika lile la kwanza. Katika lile la pili bado hatujaelewana, na amekuja nyumbani mara moja tu tangu Krismasi. Alikaa sebuleni, hakuingia chumba cha mtoto.

Baba alikuja Pasaka. Aliinama mbele ya nyumba ile, akavaa miwani, akatia mkono kupitia dirishani na kukitoa kitanda. Akakigeuzageuza kwa muda mrefu hata nikaanza kujuta. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayemkemea kibarua, "Na nguzo za chandarua ziko wapi? Mamako hakulala bila chandarua hata siku moja."

Nguzo nimeshatengeneza, kwa vijiti vya mishikaki vilivyopigwa msasa na kupakwa chai nzito ili vifanane na msaji. Chandarua bado. Kila kitambaa ninachojaribu kina matundu makubwa mno.