Mahali pa Kulala na Mahali pa Moto

Wenzangu wengi hushika kwamba misiba ya moto huja kwa uzembe tu, na kwamba dawa yake ni watu kuwa waangalifu. Mimi sikubali. Uangalifu wataka kusaidiwa na ramani ya jengo lenyewe, na ushahidi wangu ni Piper Alpha, jukwaa la mafuta lililosimama katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Scotland.

Lilianza kutoa mafuta mwaka 1976. Waliolichora walikuwa na busara: sehemu za hatari waliziweka mbali na watu. Baadaye ikaongezwa mitambo ya kushindilia gesi, nayo ikawekwa jirani na chumba cha kuongozea. Kuta za katikati zilijengwa kuzuia moto wa mafuta, si mshindo wa gesi.

Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, pampu iliyoondolewa vali yake ya usalama kwa matengenezo iliwashwa, kwa kuwa watu wa zamu hawakupata habari. Gesi ikavuja, ikalipuka, kuta zikabomoka, na chumba cha kuongozea kikaharibika. Pampu za maji ya kuzimia moto hazikujiwasha, maana zilikuwa zimewekwa ziwashwe kwa mkono ili zisiwavute wapiga mbizi. (Hilo nalo lilifanywa kwa uangalifu!) Kisha mabomba makubwa ya gesi yakapasuka kwa joto. Wengi walikusanyika katika jengo la kulala wakingoja helikopta, nayo haikuweza kutua. Moshi ukawafuata humo humo. Walikufa watu 167. Waliookoka ni 61, na wengine wao waliruka baharini.

Twaambiwa kosa lilikuwa karatasi ya kibali ambayo haikuonwa. Ni kweli, lakini karatasi ingeweza kuharibu pampu moja tu kama vyumba vingepangwa vingine. Jaji Cullen, katika taarifa yake ya 1990, alitoa mapendekezo 106, na mojawapo lataka kila jukwaa liwe na mahali pa kukimbilia palipokingwa na moto na moshi. Majukwaa mengine hujengwa mawili, la kazi na la kulala, yakiunganishwa kwa daraja. Gharama yake si ndogo.

Sasa shule yetu yaacha kuni na kupikia gesi, jambo jema. Lakini vigingi vya kibanda cha mitungi vimepigwa hatua kumi na mbili toka bweni, tena upande wa mlango wake wa pekee. Kwa heshima nawaomba wakubwa vigingi hivyo vihamishwe ng'ambo ya bustani kabla saruji haijamwagwa.