Mfuko wa Tajiri Si Mfuko wa Chama

Sisi wa Tarakea tu watu wa soko. Loitokitok iko ng'ambo ya mpaka tu, na mahindi, maharage na viazi vinapita hapa kwetu kila kukicha. Kwa hiyo twawajua wafanyabiashara, maana ni ndugu zetu na wengine ni sisi wenyewe. Mwenye duka akifanikiwa, kwanza hununua lori, kisha hujenga nyumba ya kulala wageni, na mwisho huja kutuambia kuwa wazee wamemwomba agombee. Ati wazee! Wazee gani hao, mbona hawajulikani kwa majina?

Hatusemi kuwa duka ni dhambi. Twapinga desturi moja tu, ya kumpima mgombea kwa uzito wa mfuko wake, na hasa desturi hiyo inapoingia ndani ya Chama.

Tuutazame mfano mkubwa kuliko yote katika mkoa wetu, marehemu Philemon Ndesamburo, mwenye Keys Hotel ya Moshi. Hakuwa wa chama chetu, wala hatumtaji ili kumtukana. Alikuwa mmoja wa waasisi wa CHADEMA mwaka 1992. Akashinda ubunge wa Moshi Mjini mwaka 2000, akashinda tena 2005 na 2010, na mwaka 2015 akapumzika. Alikuwa pia mwenyekiti wa chama chake katika mkoa. Tumpe haki yake: mwaka 2000 wabunge wa majimbo wa chama chake walikuwa wachache mno, na wakati ule mfanyabiashara aliyejitokeza hadharani kuipinga Serikali alikuwa akihatarisha mali yake. Wenzake wengi wenye fedha walinyamaza, au walikimbilia upande wenye nguvu.

Lakini wananchi walimwitaje? Walimwita Ndesa Pesa. Jina la utani halitoki hewani. Mtu aliyesimama Bungeni miaka 15 akakumbukwa kwa pesa! Hata kifo chake kilisimuliwa hivyo. Alifariki tarehe 31 Mei 2017, na habari zikasema kuwa alikuwa akijiandaa kutia saini hundi ya rambirambi kwa ajili ya wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha, waliokufa katika ajali ya basi kule Karatu mwezi ule ule. Ni moyo mwema, na hakuna mtu mwenye akili atakayeucheka. Ila sisi twauliza swali ambalo siku ya msiba halikuulizwa. Ukarimu wa mtu akifa huenda wapi? Huenda kaburini pamoja naye. Barabara, sheria nzuri na bei halali ya kahawa ndivyo vinavyobaki, na hivyo havitoki katika mfuko wa mtu mmoja.

Tumefikaje hapa? Azimio la Arusha la 1967 lilikataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba ya kupangisha. Kwa kipimo hicho mwenye hoteli asingeweza kuwa kiongozi hata angekuwa malaika. Mwaka 1991 Zanzibar masharti hayo yakalegezwa, na mwaka uliofuata vyama vingi vikaruhusiwa. Mlango uliokuwa umefungwa kabisa ukafunguliwa wazi kabisa, bila hata kizingiti. Hatutaki kurudi 1967. Masharti yale yalizaa unafiki wake, watu wakaandikisha mali kwa majina ya wake na shemeji. Lakini kizingiti twakitaka.

Tena sheria nayo ilisaidia kuharibu. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ili takrima ya mgombea, eti ikifanywa kwa nia njema, isihesabiwe kuwa rushwa. Yaani pilau na kanga vikawa halali! Mwezi Aprili 2006 Mahakama Kuu iliifuta takrima hiyo baada ya mashirika ya haki kufungua kesi. Sheria ikafa, lakini desturi iko hai na inakula vizuri.

Sasa tuseme ya nyumbani, maana ni aibu kumnyoshea kidole jirani na kwako kunavuja. Tawi letu moja lilipangishiwa ofisi na mfanyabiashara mmoja kwa fedha zake. Tulimpigia makofi. Akanunua viti, tukampigia makofi tena. Miezi ikapita, tukaona funguo iko kwake, kisha ajenda ya kikao ikawa inatoka dukani kwake. Mwisho, kura za maoni zilipomwangusha, alifunga mlango akachukua viti vyake. Wanachama walisimama nje kwenye mvua wakimlaani. Sisi hatukumlaani. Viti vilikuwa vyake, na sisi ndio tuliokaa juu yake bila kulipa ada.

Kisha twajiita chama cha wananchi! Wazee wetu wa mlima huu hawakufanya hivyo. Mwaka 1925 walianzisha chama cha wakulima wa kahawa, KNPA, na mwaka 1933 ikafuata KNCU. Walikuwa watu wa vihamba vidogo, tena chini ya mkoloni, wala hawakumngoja tajiri awajengee. Kila mkulima alileta kahawa yake kidogo, na kwa kuwa aliileta alikuwa na haki ya kuuliza imeuzwaje. Mwenye kuchangia ndiye mwenye kuuliza. Anayelishwa pilau atauliza nini?

Kwa hiyo twaleta haya mbele ya mkutano wa wilaya, na hatutayaondoa hata tukikasirikiwa. Mfanyabiashara akitaka kugombea kwa tiketi yetu, kwanza aeleze mbele ya wanachama mali aliyonayo na madeni anayodai na kudaiwa, wala asingoje fomu ya maadili aijaze akiwa tayari kiongozi. Pili, mtu yeyote asilipe peke yake kodi ya ofisi ya tawi. Tatu, asiyelipa ada asipige kura ya maoni, hata akiwa mjomba wa mwandishi wa makala haya.

Tawi la Tarakea limeanza. Katibu anacho kitabu cha risiti, naye hukaa nacho sokoni asubuhi. Kitabu cha kwanza bado hakijaisha.